Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla hamjatuambia utafiti umesema nini, tuambieni nani amelipa

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi kutoka huku Busia, Uganda, mpakani na Kenya. Naandika kwa Kiswahili sababu ndio lugha tunaongea sokoni hapa na madereva wa malori na majirani zetu wa ng'ambo, na pia baraza la mawaziri lenyewe mwaka 2022 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, basi acha tukitumie.

Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji. Miaka kumi na moja sasa natembea nyumba kwa nyumba na begi na rejista, bila mshahara, hiyo unaijua na sio hiyo imenifanya niandike leo. Kilichonifanya niandike ni karatasi moja.

Mama mkwe wangu ana sukari. Mwaka jana tuliitwa semina moja hapa mjini, hoteli nzuri, wakaita VHT na wakaita pia wagonjwa wachache, tukapewa tisheti na lanchi na nauli. Akasimama kijana mmoja nadhifu, anajua kuongea huyo, akawasha projekta akatuambia utafiti wa kisasa umeonyesha kwamba unga fulani wa kinywaji, unauzwa kwa kopo, unashusha sukari mwilini, tena mtu akifanya mazoezi vizuri hata soda haina ubaya wowote. Tukagawiwa karatasi za rangi, chini kuna maandishi madogo sana ya huo utafiti. Mama akaikunja yake akaiweka ndani ya Biblia. Kesho yake akaanza kununua, kopo moja bei ya kuku mzima, na vile vidonge vya metformin vya kushusha sukari anavyopewa kituo cha afya akawa anaruka siku, ati asichanganye dawa mbili. Mimi sikujua, na naishi naye boma moja. Nilikuja kujua siku ameonyesha kidonda kwenye mguu, kumpima sukari mashine ikasoma 19, mtu ambaye tulikuwa tumemzoea na 8 au 9.

Ile karatasi nikaipeleka kwa klinikali ofisa wetu. Akatafuta huo utafiti kwenye simu yake, dakika kumi tu, akanionyesha mwisho kabisa, baada ya majedwali yote, kwa Kiingereza: utafiti umelipiwa na kampuni inayotengeneza huo unga na wawili kati ya walioandika wameajiriwa na hiyo hiyo kampuni. Sisemi yule kijana alitudanganya, pengine hata yeye anaamini. Ninachosema, Mheshimiwa, tulikaa kwenye ile hoteli saa nne na hakuna aliyetuambia hayo maneno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma, mtoto wangu ananisaidia na Kiingereza kile kigumu. Na kitu cha kwanza nimeelewa ni kwamba tafiti kupingana sio dhambi. Mjomba wangu ana kahawa kule Bugisu, akisikia leo kahawa inaleta saratani kesho inalinda ini anatukana redio. Lakini angalia vile ilienda. Mwaka 1991 IARC, lile shirika la WHO la utafiti wa saratani, waliweka kahawa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016 wakarudi kuangalia tafiti nyingi zaidi wakaitoa, sababu moja ni kwamba wanywaji wengi wa kahawa wa zamani walikuwa pia wanavuta sigara, kwa hivo ilikuwa ngumu kutenganisha kikombe na moshi. Wakabakiza onyo moja tu la kinywaji chochote cha moto sana, zaidi ya digrii 65. Kwangu mimi hiyo ni heshima, watu wamepata ushahidi mpya wakabadilisha neno lao mbele ya kila mtu.

Lakini kuna kupingana kwingine kunakonunuliwa, na sisi wa chini hatuna jicho la kutofautisha.

Mwaka 1967 jarida kubwa la madaktari Marekani lilitoa makala ya watafiti wa Harvard iliyoelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwa mafuta na kuiachia sukari njia. Waliowalipa walikuwa chama cha watu wa sukari, wakati huo kikiitwa Sugar Research Foundation, na makala haikusema. Ilikuja kujulikana 2016 pale watafiti wengine walipofukua barua za zamani. Karibu miaka hamsini, Mheshimiwa! Watu wangapi kwa hiyo miaka walikuwa wanakwepa kijiko cha mafuta huku wanaongeza kijiko cha sukari kwenye chai.

Na mwaka 2018 NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, wakasimamisha utafiti wa dola milioni 100 uliotaka kuona kama glasi moja ya pombe kila siku inalinda moyo. Sehemu kubwa ya hela ilikuwa inatoka kwa makampuni ya pombe, wakiwemo Anheuser-Busch InBev na Diageo, hao hao ambao wakati huo walikuwa nyuma ya bia za Nile Special na Bell zinazonywewa hapa kwetu. Uchunguzi ulikuta kwamba watafiti waliongea na makampuni mapema, na mpango wenyewe ulikuwa umekaa vile ungeweza kuona faida kwa moyo lakini ungekuwa mfupi mno kuona saratani. Hiyo ndio ilinishtua zaidi ya yote, sababu hapo hakuna namba ya uongo hata moja, kila kipimo kingekuwa cha kweli. Wewe umekulia wapi sijui lakini sisi wa mnada wa ng'ombe tunaijua hii, mwenye kuuza hamkamui ng'ombe siku mbili ili kiwele kijae, na wewe mnunuzi ukija ukishika kiwele unashika maziwa ya kweli kabisa, ila sio maziwa ya kila siku.

Kuna watu walikusanya makala 206 za utafiti kuhusu soda, juisi na maziwa, wakatoa matokeo 2007. Makala zilizolipiwa na makampuni peke yake zilikuwa na uwezekano mara nne mpaka nane zaidi wa kusema mazuri kuliko zile ambazo kampuni haikuweka hela. Na katika hizo 206 ni 111 tu zilisema nani amelipa. Nilisoma hiyo ya mwisho mara mbili. Kama kwenye majarida ya wasomi wenyewe karibu nusu walinyamaza, sisi wa tisheti na lanchi tutaambiwa na nani?

Sasa usije ukanielewa vibaya, sipingi hela za kampuni. Dawa za ARV ambazo zimebakiza hai nusu ya watu kwenye rejista yangu, kuna makampuni yaliweka hela kuzitengeneza na kuzijaribu. Chanjo nazo hivo hivo. Kinachoniuma ni vile hii siri inaharibu hata kazi nzuri. Mwaka 2022 tulipita na chanjo ya polio nyumba kwa nyumba, na kuna mama alimficha mtoto nyuma ya ghala la mahindi, nikamsikia mtoto analia nikaomba, tukaongea mpaka akakubali. Mwaka huu nimerudi kwa yule yule mama kumwambia habari ya chanjo nyingine, akaniuliza swali moja: ule unga wa mama mkwe wako si na wenyewe ulikuwa wa utafiti? Nikakosa la kujibu. Kwake yeye mimi na yule kijana wa hoteli ni kitu kimoja, wote tumekuja na karatasi ya rangi tunasema utafiti umeonyesha, na sijui namlaumu vipi.

Ninachoomba sio kigeni hapa Uganda. Kwa sigara mlishafanya. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 ilifunga mlango, kampuni ya sigara haiwezi kufadhili mambo yetu ya afya na maofisa wa serikali hawakutani nayo ovyo ovyo, British American Tobacco wakaenda mahakama ya katiba kuipinga na 2019 wakashindwa. Nchi yetu ilisimama imara, nilijisikia vizuri siku ile. Sasa soda, pombe, maziwa ya kopo ya watoto na huu unga wa kutibu kila kitu siombi vifungiwe kama sigara, naomba vitajwe.

Najua kabla utafiti haujafanywa hapa lazima upite kwenye kamati ya maadili na kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na wa dawa unapita NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, na mtu akiingia kwenye utafiti anasainishwa fomu inayoeleza mambo haya. Kwa hivo jina la mlipaji lipo, limeandikwa mahali. Naomba litoke kwenye faili. Mtu yeyote akija wilayani kufundisha wahudumu wa afya au wagonjwa, kabla ya slaidi ya kwanza aseme kwa mdomo wake, kwa lugha ya watu waliokaa pale, nani amelipia utafiti na nani amelipia chakula cha leo. Karatasi wanayogawa iandike hivyo juu, kwa herufi kubwa kama za jina la bidhaa, na redio isome hivyo hivyo kabla ya kutangaza utafiti umesema. Na ofisi ya afya ya wilaya ikatae semina ya asiyetaka kusema. Mambo ya kuunda mamlaka mpya na magari mapya sidhani kama yanahitajika, DHO wetu, yaani ofisa wa afya wa wilaya, anaweza kuanza na barua yako moja tu.

Mama anaendelea, kidonda kimefunga polepole, vidonge anameza mbele yangu kila jioni. Lakini ile karatasi amekataa nisiitupe, bado iko kwenye Biblia, anasema watu wenye hoteli nzuri hivyo hawawezi kuwa wamekosea.

Ukijibu, Mheshimiwa, naomba jibu litoke kwa Kiswahili na kwa Lusamia pia. Mkutano wetu wa kijiji ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ameshakubali nilisome kwa sauti, na yule mama wa ghala la mahindi nimemwambia aje.

Wako katika kazi,
VHT wa kijijini, Busia