Mama Mdogo, sanamaki si ya kila wiki

Shikamoo Mama Mdogo. Habari za Ngamiani, na presha inaendeleaje?

Nasikia bado unachemsha sanamaki, yale majani ya kuendesha tumbo, kila Alhamisi usiku, ati pilau ya wiki isikuozee tumboni. Niwie radhi, leo nakubishia.

Pilau haiozi humo. Mate yanaanza kuvunja wanga wa wali ukiwa bado unatafuna. Ukimeza, umio unaisukuma hadi tumboni kwa sekunde chache, na huko inakuta asidi kali ambayo vijidudu vingi haviimudu. Mwaka 1822 huko Marekani, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, ila tundu la tumboni halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, akawa anatumbukiza humo vipande vya nyama vilivyofungwa uzi, kisha anavivuta kuona vimeyeyuka kiasi gani. Maskini, mtu mzima kugeuzwa sufuria!

Baada ya saa chache (mafuta yakizidi, zaidi) chakula huingia utumbo mwembamba, wa mita kama 6. Hapo kuna nyongo na maji ya kongosho, na hapo ndipo mafuta, sukari na protini vinapofyonzwa.

Sanamaki haina kazi huko. Inapita hivyo hivyo hadi utumbo mpana, bakteria wa huko ndio wanaoiamsha, ndiyo maana ukiinywa usiku unakimbilia chooni alfajiri. Uzuri wote wa pilau, na ubaya wake, umeshachukuliwa zamani. Unachomwaga ni makapi, pamoja na maji na chumvi ambavyo utumbo mpana ungevirudisha mwilini. Ule wepesi unaousifu ni maji yamekutoka, na kwa joto la Tanga!

Tena utumbo ukishafagiwa, huchukua siku mbili tatu kujaa. Wewe ukikosa choo siku hizo unasema tumbo limefunga, unachemsha tena. Mzima wa afya anaweza kwenda haja mara 3 kwa siku, na mwingine mara 3 kwa wiki.

Ukikwama kweli, kunywa maji, kula kunde, mchicha na papai. Sanamaki ya siku moja sina neno. Ukiona damu au unakonda bila sababu, nenda hospitali. Na vidonge vya presha, kama ni vya kukojoza, vingi hupunguza potasiamu mwilini, na sanamaki ikizidi nayo huipunguza. Ukienda kliniki mtajie daktari kila unachotumia, hata hayo majani.