Vikopo vyako sita vimefika

Mwanangu,

Marahaba. Ndoo yenye vikopo vya maziwa ya soya ya kugandisha, vile unavyotaka kuuza, nimeipokea stesheni jana jioni, barafu imeyeyuka nusu tu. Enzi za basi ungeniletea uji, ila kwa hii treni ya umeme mtu hata hajamaliza kusinzia ameshafika Morogoro. Umesema nisikufiche kitu, basi sikufichi.

Cha chokoleti kimelika, watoto wa jirani wamekigombania. Cha vanila hakina baya wala jema. Cha parachichi kilikuwa kimeshageuka rangi, kinamkimbiza mtu kabla hajashika kijiko. Cha nanasi nimekifungua nikakuta maji. Cha ubuyu kimekatika, chembechembe tupu, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Cha stroberi nimekionja mara mbili nisije nikakuonea, mara ya pili nikakiweka chini. Ile arki ya dukani, yale matone ya kutia ladha, inatangulia kwa mbwembwe, ukishameza inabaki harufu ya maharage mabichi kooni.

Hiyo harufu ndiyo ugonjwa wenyewe, na dawa yake haimo kwenye chupa ya arki. Naona kila ladha uliyoichagua umeifanya shuka la kuifunikia soya. Soya haifunikiki, baba. Ndani ya punje kuna kimeng'enya ambacho kimetulia tu mpaka punje ipasuke. Ukisaga kwa maji baridi kinakutana na mafuta ya soya na hewa, na papo hapo harufu inazuka, wala kuchemsha baadaye hakuiondoi yote. Kwa hiyo loweka usiku, asubuhi menya maganda, tumbukiza punje kwenye maji yanayotokota dakika chache, kisha saga kwa maji ya moto huo huo. Shika mfuniko wa blenda kwa kitambaa, mvuke unarusha. Kwa kilo moja ya soya kavu weka maji lita sita, yasizidi. Maziwa mepesi ni ya kunywa, hayatakupa kikopo kizito.

Halafu kuchemsha. Hili nakwambia kwa aibu. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha sayansikimu niliwapikia wanafunzi maziwa ya soya. Povu likapanda juu ya sufuria, nikaona yamechemka, nikaepua. Usiku ule bweni zima lilishika matumbo. Povu la soya ni la uongo, linapanda kabla maziwa hayajachemka, na soya isiyoiva vizuri inasumbua tumbo. Punguza moto, koroga povu lishuke, yakishatokota kweli yaache dakika kumi hivi. Siku hizi nikiona povu hata la maharage ya kawaida nasubiri.

Nanasi sasa. Umegandisha kwa jelatini, sivyo? Nanasi bichi linaila jelatini, na papai vilevile, ndiyo maana ukaniletea maji. Ukilichemsha nanasi kwanza haliwezi tena. Lakini mimi ningeiacha jelatini kabisa. Inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mteja wa Kariakoo akikuuliza ni mnyama gani utamjibu nini? Na yule anayenunua soya kwa sababu hali vya wanyama umeshamdanganya. Tumia chaina grasi, ile wanayogandishia faluda watu wa pwani. Inatokana na mwani, inaganda juu ya meza hata umeme ukikatika, na ikishaganda haiyeyuki kwa jua la Dar. Ichemshe mpaka ipotee kabisa kwenye maji, usiwe na haraka, la sivyo utapata nyuzi nyuzi.

Ubuyu usiutupe, wewe uliuingiza tu mlango usio wake. Uchachu unakata protini ya soya, iwe ukwaju, ubuyu au pasheni. Acha kikopo kigande cheupe, ubuyu upike shira nzito, umwage juu kikishapoa. Mlaji akichota anapata vyote viwili, na ule wekundu juu ya weupe utauza wenyewe.

Wafilipino wana kitu chao wanakiita taho, soya laini ya moto inayouzwa asubuhi barabarani. Muuzaji anabeba ndoo mbili kwenye mti begani huku akinadi, na juu anamwagia shira ya sukari. Wachina wengine wanaweka shira ya tangawizi. Hawa wameila soya miaka mingi kuliko sisi, na hawakuipaka stroberi. Sukari guru na tangawizi vyote unavyo sokoni hapo hapo ulipo.

Ila nilichokaa usiku nikikiwaza ni kingine. Unakumbuka ile soya niliyokuwa nakukaangia ukiwa mdogo, unakunywa badala ya chai? Ulikuwa unailamba kijikoni kabla sijaweka maji. Leo nimekaanga tena. Moto mdogo, mkono hauachi kugeuza. Mwanzoni inanuka maharage, ukivumilia, punje zinaanza kupasuka zikilia ta, ta, na harufu inageuka, inakuwa kama karanga zenye kahawa ndani yake. Hapo epua upesi, sufuria ya moto bado inaendelea kukaanga. Nikasaga, nikachanganya vijiko viwili kwenye maziwa yako ya vanila yaliyobaki. Baba yako akauliza hii umenunua wapi. Soya ndani ya soya, na duka la jirani yako hawana.

Ukifikiria kuongeza karanga, na najua utafikiria, andika kwenye kifuniko. Soya yenyewe iandike pia. Wapo watu wenye mzio wa hivi vitu, na TBS, wale wa viwango, watakudai hayo maandishi siku ukienda kusajili.

Kuhusu kuonja, usiwaulize rafiki zako kama ni tamu, watasema ni tamu. Weka vikopo vitatu, viwili vya mapishi ya zamani na kimoja cha mapishi mapya, mwambie mtu akutajie ambacho si mwenzao. Akishindwa, basi hayo mabadiliko yako ni gharama tu. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, andika kwenye daftari. Na onja kikiwa baridi kama mteja atakavyokila, kwa sababu ubaridi unaficha sukari. Shira iliyokutosha jikoni itakuwa chapwa kwenye friji.

Ladha sita ni nyingi kwa friji moja. Ningekuwa wewe ningebaki na tatu: ya soya ya kukaanga, ya ubuyu juu, na nazi na iliki. Chokoleti utaileta watoto wakililia.

Ndoo nakurudishia kesho kwa mama wa dukani, anapanda treni ya asubuhi, kampokee. Ndani kuna kopo la Blue Band lenye unga wa soya niliokaanga. Safari ijayo lete vikopo vya rangi moja visivyoandikwa kitu, nitawapanga majirani barazani. Baba yako anauliza kama kile cha chokoleti kimebaki hata kimoja huko kwako.

Mama yako