Malalamiko: Mlinipandisha kwa Sahihi, Mkanishusha kwa Maikrofoni

Kwa Meneja,
Studio ya Densi,
Westlands, Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KUTOLEWA DARASA LA KATI LA SALSA NA PESA YANGU MLIYOISHIKILIA

Natumai hamjambo hapo ofisini. Masharti yenu mnayajua, mliyaandika wenyewe mkayabandika ukutani karibu na mtungi wa maji ya kunywa, kwa hiyo sitawachosha kwa kuyanakili. Naomba tu mnionyeshe ni sharti lipi linalomruhusu mwalimu kumtoa mwanafunzi aliyelipa, katikati ya wimbo, kwa maikrofoni, mbele ya darasa zima. Nimelisoma bango lile juu hadi chini na sharti hilo sikuliona.

Nililipa shilingi 9,500 za muhula wa darasa la kati kwa namba yenu ya Lipa na M-Pesa kabla ya muhula kuanza, kama mlivyoagiza. Ujumbe ninao. Jumanne ya kwanza nikafika mapema, na anayetoka Roysambu jioni ya mvua, nauli ya Thika Road ikiwa imepanda, anajua kufika mapema Westlands maana yake nini. Tukapasha mwili moto, tukajipanga, tukaanza kubadilishana wenza. Nyimbo chache tu, mwalimu akazima muziki. Akachukua maikrofoni akasema, "Wewe wa blauzi ya manjano. Ndiyo, wewe. Nani alikupandisha huku?" Watu wakacheka. Akaendelea, "Huku si mahali pa kujifunzia kuhesabu. Chukua mkoba wako urudi chini kwa wanaoanza." Nilipobaki nimesimama nikidhani ni mzaha wake wa kawaida, alinyoosha kidole kwenye ngazi na kusema neno moja: "Chini." Muziki haukuwashwa mpaka nilipotoka mlangoni.

Mwalimu huyo ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Katika mji huu hata makanga aliyejaza matatu kupita kiasi, akitaka umpishe abiria mwingine, hukwambia, "Mathe, songa kidogo." Mimi sikuitwa mama, sikuitwa dada, sikuitwa hata kwa jina langu ambalo liko kwenye daftari lenu la mahudhurio. Niliitwa kwa rangi ya blauzi.

Lile swali lake sikupewa nafasi ya kulijibu usiku ule, kwa hiyo nalijibu hapa. Nani alinipandisha? Yeye. Kadi yangu ya mtihani wa kumaliza ngazi ya kwanza ina sahihi yake kwa wino wa bluu. Alinipima hatua ya msingi, mzunguko wa kulia na ile hatua ya kupishwa kuvuka upande wa pili, akaandika "Amepita" na kunishauri nisikae sana kabla ya kujiandikisha kwa sababu nafasi za kati huisha haraka. Nikajiandikisha jioni ile ile. Ikiwa alikosea kunipitisha, basi mwenye kosa ni mtahini, na mtahini ndiye aliyestahili kuulizwa maswali kwa maikrofoni. Na ikiwa hakukosea, basi Jumanne ile kilichosumbua hakikuwa miguu yangu.

Kilichosumbua nakijua, na nyinyi mnakijua kunishinda. Wanaofuata, ambao hapo kwenu ni wanawake, walizidi wanaoongoza, yaani wanaume. Wanawake walikuwa wamesimama ukutani wakingoja zamu ya kupata mwenza, na wengine walikuwa wameshaanza kutazama saa. Hilo ni tatizo la zamani la densi za wawili, wala si la Nairobi peke yake. Anayefuata huweza kukomaa mapema kwa sababu akishikwa na mkono mzuri anajifunza akiwa anacheza. Anayeongoza ana kazi tatu kwa wakati mmoja: asikie mpigo, akumbuke hatua inayokuja, na aangalie asimgonganishe mwenzake na jozi ya pembeni. Kwa hiyo huchelewa, na nyinyi kwa kuwa mnamhitaji mnampandisha hivyo hivyo. Nimewaona darasa la kati wanaume ambao bado wanahesabu kwa midomo. Siwaonei kijicho, wajifunze. Lakini msijaze darasa kwa pesa za wanawake kisha mkapunguza idadi yao kwa kuwaaibisha mmoja mmoja.

Dawa yake haihitaji ufundi. Kuna studio zinazoandikisha kwa majukumu: nafasi kadhaa za wanaoongoza, idadi ile ile ya wanaofuata, atakayezidi anangoja muhula ujao bila kulipa hata senti. Au wafundisheni wanawake kuongoza. Mimi niliomba nikiwa bado ngazi ya kwanza, nikaambiwa kwa kicheko kwamba hapa mwanamke haongozi.

Turudi Jumanne ile, kwa maana sijalisema lililo zito. Niliyekuwa naye wakati muziki unazimwa alikuwa mmoja wa hao wanaohesabu kwa midomo. Tulikuwa kwenye ile hatua ya kupishwa kuvuka. Anayeongoza huenda mbele kwenye hesabu ya moja, mbili akarudi, tatu akageuka pembeni kufungua njia, ili anayefuata apite tano, sita, saba. Yeye hakugeuka. Tano ilipofika alikuwa bado amesimama mbele yangu, kifua kwa kifua. Na nini tulifundishwa ngazi ya kwanza, tena na mwalimu huyu huyu? Kwamba anayefuata habahatishi. Usipoongozwa, usiende. Nikabaki papo hapo nikikanyaga tano yangu, sita yangu, saba yangu, kwa hesabu sahihi. Hapo ndipo muziki ulipozimwa. "Wewe wa blauzi ya manjano." Yule bwana akaangalia sakafu. Hakusema, "Mwalimu, ni mimi." Mkoba wangu ulikuwa kona ya mbali, ikabidi nikatize ukumbi mzima, na kuta zenu mbili ni vioo, kwa hiyo niliziona nyuso zote hata za walio nyuma yangu. Ndani ya kioo hicho hicho nikamwona msaidizi wenu ameinua simu ananirekodi. "Nani alikupandisha huku?" Mtu aliyetia sahihi ndiye anauliza! Nilipotoka mlangoni muziki ukawashwa, na bila shaka hesabu ya wawili wawili ilikuwa imekaa vizuri zaidi kidogo.

Dada wa mapokezi simlaumu, alisema alichofundishwa kusema: pesa ikishaingia hairudi. Nikamkumbusha kwamba sharti hilo, nyinyi ndio mlioliandika, linamhusu mwanafunzi anayeacha masomo kwa hiari yake. Mimi sikuacha. Nilitolewa. Akaniambia naweza kurudia ngazi ya kwanza "bila malipo ya ziada", kana kwamba ni zawadi. Ngazi ya kwanza ni shilingi 6,500. Zile 3,000 zilizobaki ni za nini, Bwana Meneja? Za kupanda ngazi na kushuka?

Kabla ya mapokezi, au tuseme kabla hata ya muhula, tangazo lenu la darasa la kati halikusema popote kwamba huko mnacheza kwa kubadili mwelekeo kwenye hesabu ya pili, mtindo wa New York. Nalitaja kwa sababu siku chache baadaye, nilipouliza kwa adabu katika kundi la WhatsApp, jibu likaja kwamba nilirudishwa kwa kuwa "kati tunacheza mbili na wewe unacheza moja". Ngazi ya kwanza nzima mlitufunza kubadili mwelekeo kwenye moja. Hakuna aliyepanda nasi aliyefunzwa mbili. Ingekuwa ndiyo sababu, tungeshuka ngazi zile sote tumeshikana mikono. Na Jumanne yenyewe mwalimu alitubadilisha mwelekeo kwenye moja, darasa zima lilimwona. Nilipoandika hayo, nikaondolewa kwenye kundi. Ujumbe niliomtumia meneja wa madarasa faraghani una tiki mbili za bluu na hauna jibu mpaka leo.

Sasa video. Mwenzangu kazini alinionyesha wakati wa chai, akidhani najua. Imewekwa kwenye ukurasa wa studio, mimi nikitembea kufuata mkoba, na juu yake maneno "Jua ngazi yako" pamoja na nyuso za kucheka. Chini yake kuna namba ya kujiandikisha. Yaani aibu yangu ndiyo tangazo lenu la biashara. Hamkuniomba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, na sura yangu ni taarifa yangu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliutoza ukumbi mmoja wa starehe hapa hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa. Mtaona mlivyo karibu na hapo.

Nilipoketi kuandika barua hii nilitaka shilingi zangu 9,500 na basi. Lakini kila nikiandika naona hazitoshi. Kwa hiyo nadai hivi. Pesa yote ya muhula irudi, si tofauti, yote. Irudi pia shilingi 4,800 za viatu vya soli ya swedi ambavyo mlisema ni lazima kwa darasa la kati na mkaniuzia wenyewe. Video ifutwe kila mahali mlipoiweka. Na mwalimu aombe radhi kwa maikrofoni ile ile, mbele ya darasa lile lile la Jumanne, akinitaja kwa jina. Barua ya siri ya kuomba radhi sitaipokea; hamkunifukuza kwa siri.

Mna siku saba. Zikipita kimya, malalamiko yatakwenda kwa Kamishna wa Data, na dai la pesa litakwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Mahakama hiyo hupokea madai hadi shilingi 1,000,000, sihitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora na haki ya kulipwa fidia. Nimekisoma kwa utulivu zaidi kuliko mlivyowahi kusoma bango lenu. Na huko mahakamani sitadai 9,500 na viatu peke yake. Nitadai na fidia ya kudhalilishwa, na nitaomba wanawake wengine walioshushwa hivi waje waeleze yao. Wawili wameshanipigia simu.

Pesa itumwe kwa namba ile ile iliyolipa.

Wenu,
Mwanafunzi wa darasa la kati, zamu ya Jumanne na Alhamisi
(kadi iliyotiwa sahihi imeambatishwa)

Nyongeza: Nimechungulia ukurasa wenu sasa hivi kabla ya kutuma. Video bado ipo, na mwalimu mwenyewe ameandika chini yake, "Karibuni nyote." Zile siku saba zifuteni. Ni tatu.