Kamshafti ya trekta haijulikani kwa boneti

Wiki iliyopita mteja kaondoka hapa gereji, Mwanakwerekwe, Unguja, kakasirika. Anasema nimemtoza pesa ya "kutizama tu", na kamshafti yenyewe, ile shafti ya ndani ya injini ambayo nundu zake hufungua valvu, sijamuuzia. Simlaumu. Ni mkulima wa mpunga Cheju, na mvua haimngoji mtu amalize kuchimba na kuburuga. Lakini kamshafti kwa picha ya boneti niliyotumiwa WhatsApp siagizi.

Chukua Massey Ferguson 35. Za mwanzo za dizeli zilitoka Uingereza na injini ya Standard ya silinda 4. Mwisho wa 1959 zikaanza kufungwa Perkins ya silinda 3. Kamshafti ya kwanza ina nundu 8 za valvu, ya pili 6. Jina la trekta ni lile lile. Na Massey Ferguson 135, iliyoingia 1964, imeshapita mikono mingapi? Nimewahi kuletewa moja ambayo bloki yake, yaani mwili wa injini, ilitoka kwenye jenereta!

Kwa hivyo nasugua bloki kwa brashi ya waya mpaka namba ya injini isomeke. Halafu kava la mbele litoke, gia za taimingi zinazoizungusha kamshafti zitiwe alama, tapeti (vile vipande vinavyokalia nundu) zinyanyuliwe, ndipo kamshafti ivutwe. Shingo zake, pale inapozungukia ndani ya bloki, nazipima kwa maikromita moja moja, natizama na nundu ya pampu ya kuvutia dizeli iko wapi. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na pesa niliyomtoza ni ya siku hiyo.

Yupo aliyekwenda Dar mwenyewe, akaulizia "ya Massey", akauziwa. Kuifunga, shingo ya mbele nene, bloki haiipokei, na duka halirudishi pesa. Mwengine alijaziwa nundu kwa welding, ikasagwa kwa mkono. Pushirodi mbili, zile fito zinazosukuma valvu, zikapinda, trekta ikalala bondeni na mbegu tayari.

Na tapeti kuukuu juu ya kamshafti mpya sifungi, hata ukinibembeleza. Tapeti iliyolika huila nundu mpya, na shafti uliyoilipia jana inaharibika upya.

Kama trekta haivutiki mpaka mjini, fundi wako aitoe kamshafti huko huko. Niletee hiyo kongwe ndani ya gunia, na tapeti zake, na namba ya injini iliyonakiliwa kutoka kwenye bloki. Ukija hivyo, kutizama sikutozi.