Malalamiko kuhusu alamu na GPS mliyonifungia, inayomaliza betri ya gari langu

Raskazone,
Tanga.

Meneja wa Tawi,
Idara ya Alamu na Ufuatiliaji wa Magari,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: BETRI KUISHA GARI LIKIWA LIMEEGESHWA, NA KUNYIMWA DHAMANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mlinifungia alamu na kifaa cha GPS kwenye Mazda Roadster, lile gari ambalo nje ya Japani linaitwa MX-5: viti viwili, gia za mkono, paa la turubai. Namba ya usajili mnayo kwenye faili. Tangu kazi hiyo ifanyike gari halilali siku chache likaamka. Betri niliyokuwa nayo imekufa, na ile mliyoniuzia badala yake iko njiani kuifuata. Nilipokuja kaunta kulalamika nikaambiwa dhamana hainihusu kwa sababu gari "halitembei vya kutosha". Jibu hilo silikubali, na hapa chini naeleza kwa vipimo kosa liko wapi.

Kwamba halitembei sana ni kweli, na sikuwahi kulificha jambo hilo. Ni gari la chini. Kuna mitaa ya Ngamiani likipita linasugua tumbo. Masika yakianza nalifunika kabisa kwa sababu turubai la paa limechoka. Shughuli za kila siku zinafanywa na pikapu, na Roadster natoka nayo jioni za Jumapili, hadi Pongwe, mara mojamoja hadi Muheza, basi. Yote hayo nilimweleza kijana wenu wa mauzo kabla sijatoa hata senti. Na hoja yake ya kuniuzia ilikuwa hiyo hiyo: "Mzee, gari linalokaa ndilo linaloibiwa." Nikaona ana akili. Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD, na ada ya kila mwezi mnaendelea kuipokea. Leo ukaaji wa gari, uliokuwa sababu ya kuniuzia kifaa, umekuwa sababu ya kuninyima dhamana yake. Chagueni moja.

Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya umeme wa viwandani, kwa hiyo nilipotoka kwenu nilikwenda moja kwa moja kuchukua mita.

Gari lolote likiwa limezimwa na kufungwa linakula umeme kidogo: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini. Ukipata chini ya miliampia 50, fundi umeme atakwambia gari ni zima. Nilifungua waya wa hasi, nikaiweka mita kati yake na betri, nikafunga milango, nikasubiri nusu saa ili kila kinachotakiwa kulala kilale. Mita ilisoma miliampia 240. Nikachomoa fyuzi ya mfumo wenu, ikashuka hadi 20. Nikairudisha, ikapanda tena. Yaani gari lenyewe linakula 20, na nyinyi mnakula 220.

Kwa mtu wa kaunta miliampia 240 ni kitu kidogo. Taa ndogo ya ndani ya gari inaweza kula zaidi ya hapo. Lakini taa ya ndani mtu huizima. Kwa saa 24 hiyo ni karibu ampia-saa 5.8, na betri mliyoniuzia imeandikwa ampia-saa 35. Siku ya tatu nusu yake imekwenda. Siku ya sita imekauka. Nikitoka na gari Jumapili, Jumapili inayofuata haliwaki, na hivyo ndivyo imekuwa. Mmeniwekea mlinzi anayekula akiba ya nyumba anayoilinda.

Nilijikunja chini ya dashibodi nikafuata waya zenu moja moja. Makosa ni mawili.

La kwanza liko kwenye GPS yenyewe. Kifaa kile kina waya mwembamba unaotakiwa kuungwa kwenye swichi ya gari, ili kijue gari limewashwa au limezimwa. Likizimwa kinalala na kula umeme kiduchu. Fundi wenu ameuunga waya huo pamoja na umeme wa kudumu. Matokeo yake kifaa kinaamini niko safarini usiku na mchana na hakilali hata dakika moja. Fungueni programu yenu wenyewe mtaona: kwa mujibu wake injini yangu imewaka muda wote, kasi sifuri, mahali ni pale pale chini ya mwembe wangu. Inashangaza kwamba katika ofisi nzima yenye kazi ya kuangalia magari ya watu hakuna aliyejiuliza gari gani hilo linaloungurumishwa mwezi mzima bila kusogea.

La pili ndilo kubwa zaidi. Rilei ya kukata pampu ya mafuta, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, mmeifunga kwa namna ambayo koili yake inashikiliwa na umeme muda wote gari likiwa limezimwa. Hiyo peke yake inakula karibu miliampia 140. Niliigusa alfajiri, gari likiwa halijaguswa tangu jana yake, nikaikuta ina joto. Koili hiyo ilitakiwa ipate umeme swichi ya gari inapowashwa tu. Pampu hukatika vilevile, mwizi haendi popote, na betri inabaki salama.

Najua mtasema joto la Tanga. Ni kweli joto huifanya betri ipoteze chaji yenyewe kwa haraka zaidi kuliko kwenye baridi, na chumvi ya bahari inakula vichwa vya waya. Vyangu navisafisha na kuvipaka grisi. Lakini betri nzima ikiachwa rafuni bila kuungwa na chochote hupoteza sehemu ndogo tu ya chaji yake kwa mwezi. Haifi kwa wiki. Hapo joto halina kesi ya kujibu.

Betri ya kwanza ilikufaje? Betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, salfeti inayojijenga kwenye sahani zake inakuwa ngumu na haiyeyuki tena ukiichaji. Kila inapokaushwa inarudi ikiwa pungufu kidogo. Mafundi wenu waliichaji haraka haraka, wakapima volti 12.5, wakaniambia "Mzee, hii nzima." Volti hizo zilipimwa ikiwa haina mzigo. Nilipoipima huku starta inazunguka ilianguka chini ya 9, wakati betri nzima haitakiwi kushuka chini ya kama 9.6. Kipimo hicho mnacho kwenye karakana yenu, na hamkukifanya. Mlinirudisha nyumbani na betri mfu, na vijana wa bodaboda wa kijiweni ndio walionisukuma. Siku ambayo umeme ulikuwa umeisha kabisa hata kusukuma hakukusaidia, maana pampu ya mafuta na plagi zinahitaji umeme nazo. Vijana sasa wakiniona natoka na ufunguo wa gari hilo wanaanza kuvua viatu.

Kisha ikaja betri ya pili, na hapa naomba msome kwa makini maana si suala la fedha tu. Betri ya Roadster za zamani kama hii yangu haikai kwenye boneti, inakaa ndani ya buti. Kwa sababu hiyo gari lilitengenezwa na vimpira vya kutoa gesi ya betri nje, na betri yake inatakiwa iwe ile iliyofungwa yenye matundu ya kuunga vimpira hivyo. Nyinyi mlinifungia betri ya kawaida ya maji, yenye vifuniko vya kufungua kwa kuzungusha, mkaviacha vimpira vinaning'inia. Betri ikichajiwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni iliyojikusanya kwenye buti lililofungwa inahitaji cheche moja tu. Nilifungua buti nikapokewa na harufu ya asidi, na zulia la upande wa betri limeshaanza kubadilika rangi. Betri hiyo nimeitoa. Siwezi kuendesha gari nikiwa na kitu kile mgongoni mwangu.

Ushauri niliopewa na dawati lenu la huduma kwa wateja nao nimeutafakari. Nimeambiwa niliwashe gari kila asubuhi kwa dakika tano. Hata tukiipa altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ampia 20 gari likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ambazo ni nyingi, kwa dakika tano inarudisha chini ya ampia-saa 2, na hapo starta imeshachukua sehemu yake. Vifaa vyenu vinachukua karibu 6 kwa siku. Hesabu hiyo haifungi, na oili ya injini haipati hata muda wa kupata moto. Nikaambiwa basi niwe nafungua waya wa hasi kila nikiegesha. Nikifungua waya, alamu yenu imekufa na GPS inabaki na kibetri chake cha ndani kwa muda mfupi. Nalipa ada ya nini? Kabla sijaitoa betri ya pili nilinunua chaja ndogo ya kuishikilia isiishe, inayochomekwa ukutani, na ilifanya kazi vizuri. Ningemshauri hivyo mtu yeyote mwenye gari la kukaa. Ila umeme wangu wa Luku uliishia kupasha moto rilei yenu, na hilo halikuwa kwenye mkataba.

Ninachotaka ni hiki. Mtume fundi anyooshe waya hizo mbili hapa nyumbani kwangu, gari liko hapa na sitalileta tena kwa kusukumwa. Tukimaliza tupime pamoja, na kipimo kikizidi miliampia 50 kazi haijaisha. Mnipe betri iliyofungwa, yenye matundu ya vimpira, kwa gharama yenu, na mchukue hii ya maji. Mnirudishie fedha za kuchaji na za betri ya pili, pamoja na ada za miezi ambayo mfumo ulikuwa unaua gari badala ya kulilinda. Zulia nitalishughulikia mwenyewe. Na jibu la "gari halitembei" nataka lifutwe kwa maandishi, kwa sababu fundi aliyefunga langu bila shaka amefunga na mengine, na wenye magari hayo huenda sasa hivi wananunua betri wakidhani ni bahati mbaya.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila majibu nitaipeleka pamoja na vipimo vyangu Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, nikianza na maneno niliyoambiwa wakati wa kuuziwa. Nisingependa tufike huko. Kijana wenu wa mauzo ni mwungwana na kifaa chenyewe, kikifungwa sawasawa, sina ugomvi nacho.

Napatikana nyumbani asubuhi zote isipokuwa Ijumaa. Fundi atakayekuja aje na mita.

Wenu,

Mteja, mwenye Mazda Roadster
(jina na namba ya simu mnavyo kwenye faili)

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD ya alamu na GPS, nakala ya risiti ya betri, picha za mita kabla na baada ya kuchomoa fyuzi, picha ya buti na vimpira vilivyoachwa.