Risala kwa Mgeni Rasmi, Mama wa Ukoo kutoka Kahnawà:ke

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu,
Mwenyekiti wa umoja wetu,
Wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana na watoto,
Shikamooni, na wengine hamjambo.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha leo hapa Montreal. Tunakushukuru na wewe, mama, kwa kuvuka mto St. Lawrence kutoka kijijini kwenu Kahnawà:ke ukaja kukaa nasi, na kwa kutufungulia shughuli hii kwa maneno ambayo watu wako huyatanguliza kabla ya mengine yote. Umeishukuru ardhi, maji, samaki, mimea ya chakula na ya dawa, wanyama, miti, ndege, pepo, ngurumo, jua, mwezi na nyota, kimoja baada ya kingine, bila karatasi mkononi, na kila kifungu ukakimaliza kwa kusema kwamba sasa nia zetu ni moja. Sisi tumelelewa katika mikutano inayoanza kwa kuwataja wakubwa kwa vyeo vyao. Tumeipenda sana itifaki hii inayoanza na udongo.

Umoja wetu unawakusanya wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya. Wengine tulikuja kusoma, wengine kutafuta kazi, wengine tulitoka kambini. Kwetu mtu haingii tu mahali. Hubisha hodi akasubiri mwenyeji aseme karibu. Risala hii, mama, ndiyo hodi yetu kwa Wakanien'kehá:ka, taifa la wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, watu ambao ramani na vitabu vya shule huwaita Wamohawk.

Katika kujiandaa kukupokea tumesoma na kuuliza mengi, na lililotugusa kuliko yote ni namna watu wako wanavyompokea mgeni pembezoni mwa msitu. Zamani mtu aliyetoka mbali hakuingia kijijini moja kwa moja. Aliwasha moto pale msitu unapokoma, wenyeji wakamfuata hapohapo. Walimfuta machozi kwa ngozi laini ya kulungu, wakamzibua masikio, wakamsafisha koo, kwa sababu aliyepita njia ya miiba na misiba haoni sawasawa, hasikii, wala hawezi kusema lililo moyoni. Baada ya hapo ndipo alipoulizwa habari za atokako.

Maneno hayo ndiyo yanayosemwa pia katika ibada yenu ya rambirambi, na simulizi zenu zinayarudisha kwa Hiawatha, aliyefiwa na binti zake akazurura porini kwa majonzi mpaka alipokutana na Mleta Amani, ambaye jina lake halitajwi ovyo nasi hatutalitaja. Mleta Amani alimfariji kwa nyuzi za shanga za kombe za baharini. Wawili hao wakaenda kuyatuliza mataifa yaliyokuwa yakilipizana kisasi: Wamohawk, waliokuwa wa kwanza kuikubali amani, pamoja na Waoneida, Waonondaga, Wacayuga na Waseneca. Silaha zikafukiwa chini ya mizizi ya msonobari. Watuscarora walijiunga baadaye, katika karne ya 18, na hadi leo taifa lenu ndilo mlinzi wa mlango wa mashariki wa shirikisho la mataifa hayo sita.

Mama, katika ukumbi huu wamo watu waliopata habari za kufiwa kwa simu, ndugu zao wakazikwa Uvira, Goma na Bujumbura bila wao kufika matangani. Tuliposoma kwamba kwenu mfiwa haachiwi ajifariji mwenyewe, bali upande usiofiwa una wajibu wa kumwendea na kumrudishia macho, masikio na sauti, mmoja wa mama zetu aliomba sehemu hiyo isomwe tena. Tunaamini amani iliyoanzia kwenye machozi ya mtu mmoja ina cha kuwaambia watu waliotoka Maziwa Makuu.

Tumejifunza pia juu ya nyumba ndefu: miti iliyopindwa ikawa kiunzi, ikafunikwa kwa magome ya mti wa elmu, mioto ikipangwa katikati, na kila moto ukiwa na familia mbili, moja kila upande. Nyumba ilikuwa ya wanawake wa ukoo. Mwanamume alioa akahamia kwa mkewe, na mtoto aliitwa wa Dubu, wa Mbwamwitu au wa Kobe kwa kumfuata mama yake. Mama wa ukoo ndiye anayemteua chifu, humwonya akipotoka, na asiposikia humvua uchifu. Wenzetu Waluguru wa Morogoro, ambao nao huhesabu ukoo kwa mama, walielewa haraka kuliko sisi wengine.

Nguvu hiyo ya akina mama haikubaki kwenye masimulizi ya kale. Mwaka 1886 wanaume wa Kahnawà:ke walianza kuajiriwa kwenye ujenzi wa daraja la reli karibu na kijiji, wakawa mafundi wa vyuma wanaosifika mpaka New York. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec lililokuwa likijengwa liliporomoka. Kati ya watu 75 waliokufa, 33 walikuwa wa Kahnawà:ke. Inasimuliwa kwamba wanawake ndio waliosimama wakadai wanaume wasiende tena wote kwenye kazi moja.

Kuhusu chakula tutasema machache, maana kinanukia tayari. Mahindi tunayosongea ugali yalifika Afrika kutoka bara hili. Wanawake wa kwenu waliyapanda pamoja na maharagwe na maboga, madada watatu: bua likiwa mhimili wa maharagwe, maharagwe yakirutubisha udongo, majani ya boga yakitunza unyevu na kuzuia magugu. Mahindi mliyachemsha na jivu la kuni ngumu mpaka yakavua maganda, kisha mkayapika na maharagwe. Sisi tunayo makande, nayo yako jikoni yanakungoja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, changamoto yetu kubwa ni lugha. Watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa, wanacheza kwa Kifaransa, na wengi wakiitwa kwa Kiswahili huitika kwa Kifaransa. Watu wako walipata makali zaidi ya haya katika shule za bweni zilizowaadhibu watoto kwa kusema lugha za mama zao. Lakini sheria ya Quebec ya kuipa nguvu lugha ya Kifaransa, hata shuleni, ilipopitishwa mwaka 1977, mwaka uliofuata wanafunzi wa Kahnawà:ke waliondoka katika shule ya nje mkaanzisha ya kwenu. Mwaka 1979 wazazi wa Akwesasne, jumuiya nyingine ya Wamohawk, nao walianzisha shule yao, na maneno ya shukrani tuliyoyasikia leo yakawa msingi wa masomo. Sisi tuna darasa la Jumamosi lenye kitabu kimoja cha kusomea.

Kwa hiyo, mama, tunayo maombi. Tunaomba walimu wenu wakutane na wanaofundisha darasa letu, watuonyeshe mlianzaje na ni nini kiliwafanya watoto wabaki. Tunaomba watoto wetu waje msimu wa kupanda, kama mtaona vyema, wawasaidie kazi shambani. Na ombi la tatu tunalitoa kwa heshima: tungependa kuwa na maneno yetu wenyewe, kwa Kiswahili, ya kumpokea mgeni anayefika hapa akiwa na msiba. Ibada yenu ni yenu na hatutaiiga. Tunaomba ushauri wako, na ukituambia tusubiri, tutasubiri.

Tunaomba kuwasilisha.