Anko, naomba uweke hiyo fimbo chini

Anko wangu, natumai mko salama hapo Kahawa West na watoto hawajambo. Nakuandikia wazi hivi ju mambo ya mbwa wako Simba si ya kwako peke yako, ploti nyingi hapa Nairobi mbwa analelewa hivyo hivyo, mchana mnyororo, usiku anafunguliwa alinde geti, akikosea ni fimbo. Kwa heshima yote naomba unisikize.

Ile jioni ulipata amerarua viatu vya shule ulimuita akaja ametambaa, mkia ndani, masikio yamelala, hadi akajikojolea kidogo. Ukasema unaona, anajua makosa yake. Anko, hajui. Viatu alivirarua asubuhi, saa hiyo anachosoma ni uso wako na sauti yako, na huko kutambaa ni kuomba amani. Alafu akafika kwako akachapwa, sasa hapo amejifunza nini? Kwamba akiitwa na akienda, anaumia. Ndo maana siku hizi ukimuita anazunguka nyuma ya tangi na unasema ni kichwa ngumu.

Mnyama hurudia kile kinachomlipa. Edward Thorndike, Mmarekani, alionyesha hii kitu mwaka wa 1898 na paka, alikuwa anawafungia kwa kisanduku chakula kikiwa nje, paka anahangaika mpaka kwa bahati anagusa kamba ya kufungua mlango, anatoka anakula, na kadiri alivyorudishwa ndani ndivyo alivyotoka haraka zaidi. Kiboko hakikuhitajika.

Kwa hivyo mlipe Simba. Chemsha maini ama matumbo ya kuku, usitie chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa na paka pia), ukate vipande kama punje ya maharagwe. Muite akiwa karibu tu, akigeuka mpe hapo hapo. Nasema hapo hapo, sekunde moja ama mbili, ju ukienda kutafuta kwa friji utarudi ameshaanza kunusa kuku wa jirani na atadhani hiyo ndo kazi amelipiwa. Akizoea, ongeza umbali pole pole. Na akiitwa akaja, hata kama amechelewa, hata kama una hasira kiasi gani, asichapwe.

Boda boda anazobwekea nazo, usingoje aanze kubweka. Kaeni mbali na geti, mahali anaiskia boda lakini bado anaweza kula. Boda ikipita, maini, boda ikienda, maini yanaisha. Akikataa kula jua mmekaribia sana, rudini nyuma kidogo. Kuwarukia wageni ni rahisi kurekebisha, apewe mgongo, asalimiwe tu miguu yote minne ikiwa chini, lakini lazima nyumba nzima ikubaliane, watoto wakiendelea kucheka akiwarukia mnafanya kazi bure.

Kitu kinanitia wasiwasi kabisa ni kumchapa akinguruma. Kunguruma ni onyo, anasema nimeogopa, nipe nafasi. Ukiizima na kipigo woga unabaki ndani, alafu siku moja anauma mtoto bila kutoa sauti yoyote na watu wanasema amebadilika ghafla. Akinguruma ondoa mtoto, kisha utafute ni nini kinamtisha. Na kama kweli tabia imebadilika ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, pengine kuna mahali anaumwa, hata hapo Kabete chuo kikuu wana kliniki. Chanjo ya kichaa cha mbwa pia tafadhali isipite.

Paka naye muache na hiyo maji mnamrushia akikwaruza sofa. Kukwaruza ni maumbile yake, ananyoosha mwili, ananoa kucha na anaacha harufu yake, hawezi kuacha, anaweza tu kuhamia mahali pengine. Chukua kipande cha mbao kirefu ajinyooshe wima, kizungushie kamba ya katani, ukiweke kando ya sofa pale pale anapokwaruza, si huko nyuma ya mlango. Akikigusa, omena moja. Kisiyumbe lakini, kikiyumba ataogopa arudie sofa.

Jumamosi nikipita sokoni nitakuletea matumbo, tuanze kabla Simba hajakula ugali yake ya asubuhi ndo awe na hamu. Na umwambie soja aache kumchokoza na rungu kwa geti.